Mazulia ya Motokaa Yaliyochakaa, na Namna ya Kuyarudishia Uzima kwa Gharama Ndogo

Wanachama wengi wenye gari wametuuliza kama iko njia ya kuyafanya mazulia ya gari zao yafae tena, bila ya kununua mapya. Njia iko, tena si ghali. Yataka sabuni kidogo, brashi, siki, jua, na subira ya siku mbili tatu. Lakini kwanza yafaa tuseme kwa nini tumelipa jambo hili nafasi kubwa katika gazeti la wakulima wa karafuu, maana wako watakaosema ya kwamba zulia la gari ni pambo tu, na mkulima hana haja ya pambo.

Sababu ya kwanza ni karafuu yenyewe. Kila mwanachama anajua taabu ya kuikausha. Huanikwa juu ya majamvi siku kadha wa kadha, hukusanywa kila jioni isipate umande, hukimbiliwa mvua inapotishia, mpaka uzito wake unabaki kama theluthi moja ya ule iliokuwa nao ilipochumwa. Kipimo kinachokubaliwa katika biashara ya dunia ni kwamba unyevu wa karafuu kavu usizidi sehemu 12 katika 100. Basi baada ya taabu yote hiyo, gunia hupakiwa nyuma ya gari, hulazwa usiku mmoja juu ya zulia lililonyeshewa juzi, na asubuhi karafuu za chini zimekwisha kurudi ubichi. Wengi wetu hatuna malori. Tunazo gari ndogo zilizotumika Japani, tumezitoa viti vya nyuma, na magunia yanakaa pale pale palipokuwa na miguu ya abiria. Zulia hilo ndilo ghala letu la safarini. Likinuka samaki au petroli, gunia nalo litanuka, na mnunuzi ana pua.

Sababu ya pili ni bati. Sisi ni watu wa kisiwa, na hewa yetu ina chumvi. Zulia lenye maji juu ya bati ni sawa na kitambaa kibichi juu ya panga: ukilifunua baada ya mwezi utakuta kutu. Gari nyingi hapa kwetu hazifi kwa injini, bali kwa sakafu. Mwenyewe hana habari mpaka siku moja anaona barabara kati ya miguu yake.

Sababu ya tatu ni watoto tunaowapeleka shule katika gari hizo hizo. Zulia linalokaa na maji huota koga, na koga ndani ya chumba kidogo chenye vioo vilivyofungwa ni mbaya kwa kifua, hasa kwa mtoto mwenye pumu.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kulirudishia zulia uzima hatusemi habari za kupendeza machoni peke yake. Doa la juu ni jambo dogo. Hasara kubwa iko chini, mahali pasipoonekana, nayo huletwa na vitu viwili, vumbi na maji. Na sisi wa visiwani, kwa kuwa maji kwetu si shida kubwa, tuna desturi ya kuyaongeza. Gari ikichafuka tunaimwagia ndoo.

Njia iliyo bora tuliiona mbali sana na bahari, huko Nangwa. Wako wanachama ambao hawaijui. Nangwa iko wilaya ya Hanang, katika mkoa wa Manyara, chini ya mlima Hanang, ambao kimo chake ni mita zaidi ya 3,400. Barabara kubwa itokayo Singida kwenda Babati hupita pande hizo kwa njia ya Katesh. Wenyeji wengi ni Wairaqw na Wabarbaig, watu wa mahindi, maharage, ngano na ng'ombe. Sisi tulifika huko kutazama gari moja iliyotumika, ambayo mwenyewe alitaka kuiuza nasi tulitaka kuileta kisiwani kwa kazi ya magunia. Gari ilikuwa na vumbi la miaka. Wakati wa kiangazi upepo wa kule hupeperusha vumbi laini kama unga, nalo huingia hata pale unapodhani sindano haipiti.

Tulimwambia dereva wa gari ile ya kwamba kwetu tungelitia maji lile zulia mpaka yatoke meupe. Akacheka. Kule maji ya kiangazi ni ya watu na mifugo kwanza, na mtu hawezi kumwaga debe nne chini kwa ajili ya zulia. Kwa hiyo wamejifunza kuondoa uchafu ukiwa mkavu. Tulipomtazama akifanya kazi tuliona ya kwamba shida yao imewafundisha jambo ambalo wingi wetu wa maji umetuficha. Vumbi likiwa kavu hutoka kwa fimbo. Likipata maji si vumbi tena, ni tope, na tope hushuka kwenye mizizi ya nyuzi, hupenya mpaka kwenye sponji la chini, na hapo halitoki kwa fimbo wala kwa sabuni.

Tena vumbi ndilo linalochakaza zulia, kuliko miguu. Chembe za mchanga zina makali. Kila mtu anapokanyaga, chembe hizo hukata nyuzi penye shina, kama msasa. Ndiyo sababu zulia huota upara mahali pale pale panapokaa kisigino cha dereva. Mtu anayepiga vumbi la gari yake kila juma atakaa na zulia lake miaka mingi zaidi kuliko yule anayelifua kila mwezi.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Chagua siku ya jua na upepo, na uanze asubuhi. Toa kwanza mikeka ya mpira na vitu vyote vilivyolala chini ya viti. Ikiwa zulia lako ni la vipande, kazi ni nyepesi, litoe tu. Ikiwa ni zulia moja lililoumbwa kwa umbo la sakafu, kama lilivyo katika gari nyingi za Japani, itabidi kufungua viti. Kila kiti kwa kawaida kimeshikwa na boliti nne. Hapa twatoa onyo. Katika gari za miaka hii huenda ukakuta chini ya kiti nyaya zilizoungwa kwa viungo vya rangi ya manjano. Hizo ni za mifuko ya hewa inayofumka wakati wa ajali, au za mikanda. Usizivute, usizipime kwa taa ya betri, wala usiziachanishe huku betri ya gari imeungwa. Fungua waya wa betri wa upande wa kutoa, ngoja kwa muda wa robo saa, ndipo uguse. Kama huna hakika, acha kiti mahali pake na ulinyanyue zulia upande upande. Kazi itakuwa ya kuudhi kidogo lakini salama.

Ukisha kulitoa, litazame chini kabla ya kulipiga. Upande wa chini ndio hutoa habari za maisha ya gari. Ukiona mstari wa tope kavu ndani ya pembe za bati, mahali ambapo kiatu hakifiki, jua ya kwamba gari imepata kuzama. Ukiona unga mweupe wenye kung'aa, huenda ni chumvi ya bahari. Anayenunua gari iliyotumika, iwe imetoka bara au nchi za nje, na asitoe fedha kabla ya kunyanyua pembe ya zulia. Sisi pale Nangwa tulinyanyua, tukakuta vumbi jingi lakini bati zima.

Na kwa habari ya kuzama, inafaa tukumbuke ya kwamba tarehe 3 Desemba, 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlima huo huo wa Hanang vikaingia mji wa Katesh na vijiji vya karibu. Watu zaidi ya 80 walikufa na nyumba nyingi ziliharibika. Mbele ya msiba kama ule zulia la gari si kitu. Lakini kwa mwenye gari iliyojaa maji ya mafuriko, mahali po pote, iko kanuni ya kuijua: zulia lililonywa maji ya mafuriko halirudishwi. Maji hayo yamepita vyooni na mazizini. Zulia na sponji lake vitupwe, bati lioshwe kwa maji safi, likaushwe na kupakwa rangi, ndipo utafute zulia jingine. Hapa hakuna njia rahisi, na anayekuambia iko anataka kukuuzia dawa.

Turudi kwenye zulia letu. Litundike kwenye kamba imara au juu ya ua, uso wake ukitazama chini, kisha lipige mgongoni kwa fimbo nyembamba. Watu wengi hulipiga usoni, na kwa kufanya hivyo hulizamisha vumbi ndani zaidi. Piga mpaka vumbi lipungue, geuza, piga kidogo usoni, halafu rudi mgongoni. Simama upande upepo unakotoka, na ufunge kitambaa puani. Kisha litandaze chini na ulisugue kwa ufagio wa chelewa au brashi ngumu, kwenda na kurudi, kinyume cha ulalo wa nyuzi. Mwenye mashine ya kunyonya vumbi na aitumie sasa, si kabla ya fimbo. Ile gari ya Nangwa ilitoa vumbi la kujaza kopo la maziwa, na tangu hapo tu, bila tone la maji, rangi yake ya kijivu ilianza kuonekana.

Tope lililoganda halisuguliwi likiwa bichi. Liache likauke kabisa, livunje kwa vidole, ulipige.

Baada ya hapo ndipo inakuja zamu ya sabuni, nayo ni povu tu, si maji. Chukua ndoo yenye maji ya uvuguvugu lita nne, tia kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya unga, koroga kwa nguvu mpaka povu lipande. Chovya brashi katika povu la juu peke yake. Sugua mahali pa ukubwa wa sinia moja, kisha papo hapo futa kwa kitambaa safi kilichokamuliwa sana, na ukisuuze kitambaa katika ndoo nyingine. Endelea sinia kwa sinia. Sabuni nyingi si usafi mwingi. Sabuni inayobaki katika nyuzi hunata, na kila kinachonata hukamata vumbi jipya, ndiyo maana utawasikia watu wakisema zulia lao lilichafuka zaidi baada ya kufuliwa.

Mwisho wa povu, changanya siki kikombe kimoja na maji vikombe viwili, chovya kitambaa, kikamue, na upitishe juu ya zulia zima. Siki huondoa mabaki ya sabuni na harufu. Harufu yake yenyewe huondoka ikikauka.

Madoa nayo yana tabia zake, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Doa la mafuta ya injini au ya kula lisiguswe na maji kwanza. Lifunike kwa unga wa muhogo au wa chaki, liache usiku kucha lifyonze, likung'ute asubuhi, kisha tumia sabuni ya kuoshea vyombo. Doa la maziwa au damu lataka maji ya baridi. Maji ya moto huligandisha kama yai. Harufu ya samaki, ambayo sisi tunaijua kuliko watu wa Nangwa, hushindwa na siki au ndimu, maana harufu hiyo hupatana vibaya na kitu kikali. Maji ya bahari yafutwe mara mbili tatu kwa kitambaa chenye maji safi, kwa sababu chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewa, na zulia halitakauka hata kwa jua la mwezi wa Februari.

Doa la karafuu mbichi ni letu wenyewe. Utomvu wa karafuu na makonyo huacha rangi ya kahawia, ya namna ile ile ya doa la chai. Wengi hulitia magadi kwa kuwa magadi ni kali. Hilo ni kosa. Magadi huifanya rangi hiyo izidi kuiva na kushika. Tumia siki kwanza, ndipo sabuni laini. Magadi yaachwe kwa harufu ya uvundo wa kawaida, yanyunyizwe makavu, kidogo, na kukung'utwa baada ya saa chache. Na katika zulia la sufu yasitumiwe kabisa.

Yako mambo mawili yaliyokuwa yakishauriwa zamani ambayo hatuyakubali. La kwanza ni kusafisha kwa petroli. Ni kweli petroli huondoa mafuta, lakini mvuke wake hujaa ndani ya gari, na cheche moja ya swichi yatosha kuiteketeza pamoja na aliyemo. La pili ni dawa nyeupe ya klorini. Hufuta doa pamoja na rangi ya zulia, tena ikichanganyika na siki hutoa hewa ya sumu. Vitu hivyo viwili visikaribiane kamwe.

Sasa rangi. Zulia likisha kuwa safi huenda likawa bado limepauka, na mwenyewe atataka kulitia rangi. Akina mama wa kwetu wanajua kutia rangi ukili wa mikeka. Huuchemsha katika sufuria ya rangi, nao ukatoka mwekundu, kijani au zambarau. Kwa hiyo wako waliojaribu rangi hiyo hiyo kwa zulia la gari. Wengine wamefanikiwa, wengine wamepoteza fedha na kubaki na viatu vyenye madoa, wala hawakujua kwa nini.

Sababu ni nyuzi. Ukili ni jani, na jani hunywa rangi. Mazulia ya gari karibu yote ni ya nyuzi zilizotengenezwa viwandani, ambazo ni za namna tatu zaidi: nailoni, poliesta na polipropilini. Nailoni hunywa rangi, hasa rangi za nguo za sufu zinazotiwa pamoja na siki na moto. Poliesta ni ngumu, yataka rangi ya namna yake na moto mkali ambao zulia la gari haliwezi kuupata nyumbani. Polipropilini hainywi rangi hata kidogo. Rangi yake ilitiwa kiwandani kabla uzi haujavutwa. Ukiipaka, utakuwa umepaka vumbi la rangi juu yake.

Iko njia ya kuzijua bila ya fundi. Kata nyuzi chache chini ya kiti. Tia tone la sabuni katika gilasi ya maji, zitumbukize nyuzi zako, na uziminye kwa vidole ndani ya maji ili hewa itoke. Zikielea, ni polipropilini, acha habari ya rangi. Zikizama, ni nailoni au poliesta, na hapo jaribu rangi kwa kipande kidogo tu, ukisuuze, ukikaushe, kisha ukisugue kwa kitambaa cheupe kibichi. Kitambaa kikitoka na rangi, suruali yako nayo itatoka hivyo hivyo. Mtu akituuliza sisi, tutamwambia ya kwamba zulia safi lililopauka ni bora kuliko lenye rangi inayotoka, na magunia ya karafuu yasipakiwe kamwe juu ya zulia lililotiwa rangi nyumbani.

Nyuzi zilizolala hunyanyuliwa kwa mvuke. Tandaza kitambaa cha pamba kibichi juu ya mahali palipolala, pitisha pasi yenye moto mdogo juu ya kitambaa bila ya kukandamiza, kisha zisimamishe nyuzi kwa brashi. Moto usiwe mkubwa, maana polipropilini huyeyuka kwenye moto wa digrii 160 hivi, na ikisha kuyeyuka hung'aa kama plastiki ya ndoo, wala haina dawa.

Penye upara au tundu hapatengenezwi kwa brashi, bali kwa kiraka. Kila zulia lina sehemu iliyofichika chini ya kiti au nyuma ya pedali ambayo haijakanyagwa tangu kiwandani. Kata hapo kipande, kata na palipoharibika kwa umbo lile lile, nyuzi zote zikilalia upande mmoja, kisha shona kwa shazia na uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Uzi wa pamba utaoza. Gundi peke yake haitoshi mahali pa kisigino. Mshono ukitoka chini, na fundo likaa chini, macho hayataona kitu. Mwanachama anayeshona majamvi atamaliza kazi hii kwa saa moja. Kwa wengine ni nusu ya siku na vidole vyenye damu.

Hapa twataka wanachama wasome kwa makini. Wako wanaoona taabu ya kushona, wakatandika juu ya tundu kipande cha jamvi, au mkeka wa mpira wa gari nyingine, au gunia. Kitu chochote kilicholegea mbele ya dereva chaweza kuteleza kikaingia juu au chini ya vikanyagio. Kikiingia chini ya breki, breki haitashuka. Kikikamata kikanyagio cha mafuta, gari haitapunguza mwendo. Jambo hili si la kubahatisha. Mwaka 2009 kampuni ya Toyota, baada ya ajali iliyoua watu, iliita karibu motokaa milioni 4 huko Marekani kwa sababu mikeka ya sakafu iliweza kukikamata kikanyagio cha mafuta.  Sembuse jamvi letu katika mteremko wenye mawe, gari imebeba magunia kumi! Upande wa dereva, kama huna mkeka unaoshikwa kwa ndoana zake, usitandike kitu. Afadhali zulia lenye kiraka kibaya. Na kila unapotandika, kabla ya kuwasha injini, kanyaga vikanyagio vyote mpaka mwisho kwa mkono na kwa mguu, uone kama vinarudi bila ya kugusa kitu.

Limebaki neno la kukausha, nalo kwetu ndilo gumu kuliko yote. Kule Nangwa zulia lililopitishwa povu saa nne asubuhi lilikuwa kavu kabla ya alasiri, maana hewa ya kule ni kavu. Hapa kwetu hewa imejaa maji, na zulia linaloonekana kavu usoni huwa bichi mgongoni. Kwa hiyo usilirudishe siku ile ile. Liache nje mgongo ukitazama jua, liingize ndani kabla ya umande wa jioni kama unavyoingiza karafuu, na ulitoe tena asubuhi. Wakati huo huo sakafu ya gari iwe wazi. Fungua vizibo vya mpira vilivyo katika bati ili maji yaliyotuama yatoke, sugua kutu kwa msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, ngoja ikauke vizuri, kisha rudisha vizibo. Tazama pia maji yaliingia wapi, maana kazi yote ni bure ikiwa mpira wa mlango au wa kioo cha mbele unavuja.

Kupima ukavu ni rahisi. Jioni, weka kipande cha gazeti kati ya zulia na sponji lake, ukilaze na tofali. Asubuhi kikiwa bado kinalia mkononi kama jani kavu, zulia limekauka. Kikiwa kimelegea, toa nje siku nyingine.

Wakati mzuri wa kazi hii ni kusi, mvua za masika zikisha kwisha, kabla magunia hayajaanza kutembea. Anayengoja mpaka vuli atakuwa anashindana na karafuu zake mwenyewe kwa jua na kwa mahali pa kuanikia. Shazia mbili na brashi ya waya zimewekwa ofisini, na mwanachama yeyote aweza kuziazima kwa siku mbili akiandikisha jina lake katika daftari.